Wavuvi Waliofagia Bahari ya Vita

Watu wasimuliapo habari za vita vya baharini hupenda kutaja manowari kubwa, mizinga yake mirefu, na majina ya maadmirali walioziongoza. Si ajabu, maana mambo makubwa huvuta masikio. Lakini iko aina nyingine ya merikebu za vita ambazo hazitajwi sana. Ni ndogo, mwendo wake ni wa pole, na nyingi katika hizo kwanza zilikuwa merikebu za kuvulia samaki. Kazi yake ni kuyatafuta mabomu yaliyotegwa baharini na kuyaondoa, ili wengine wapate kupita. Nataka kueleza kazi hiyo kwa kisa cha mlango wa bahari wa Dardanelles, mwaka 1915, kwa sababu katika kisa hicho watu wadogo walilaumiwa kwa jambo ambalo, kwa maoni yangu, halikuwa kosa lao.

Kwanza yafaa msomaji ajue bomu lenyewe lilivyokuwa. Ni kama mtungi mkubwa wa chuma, wa mviringo, uliozibwa pande zote usiingie maji. Sehemu ya ndani imejaa baruti kali, na nafasi iliyobaki ina hewa tu, ili mtungi upate kuelea. Chini yake imefungwa kamba ya chuma, na mwisho wa kamba umefungwa katika uzito mkubwa ulalao chini ya bahari kama nanga. Kamba hupimwa urefu wake hata bomu lisitokeze juu, bali likae pima moja au mbili au tatu chini ya uso wa maji, lisionekane. Juu ya mtungi zimetokeza pembe fupi za risasi laini, na ndani ya kila pembe imo chupa ndogo ya kioo yenye asidi. Merikebu ikiigusa, pembe hupinda, chupa huvunjika, asidi huingia katika betri iliyokuwa kavu. Umeme huzaliwa mara ile ile, na baruti hulipuka. Pembe za namna hii zilibuniwa Ujerumani karibu na mwaka 1868. Bomu la pembe halihitaji mlinzi wala mpiga mzinga. Laweza kungoja siku moja au miaka mitano, na ipitapo merikebu ya mwenye kulitega, nayo itapasuliwa kama ya adui.

Warusi walitega mabomu katika Bahari ya Baltiki tangu vita vya Krimea (1853–1856), lakini dola kubwa hazikuyaogopa sana mpaka vita vya Urusi na Japani. Tarehe 13 Aprili 1904, karibu na Port Arthur, manowari Petropavlovsk iligonga bomu la Wajapani ikazama pamoja na Admirali Makarov na watu zaidi ya 600. Mwezi uliofuata, tarehe 15 Mei, Wajapani nao walipoteza manowari mbili kubwa siku moja, Hatsuse na Yashima, kwa mabomu ya Warusi. Hata vita vilipokwisha mabomu hayakwisha. Mengine yalikatika kamba yakaelea huku na huku, na jahazi za Wachina, ambao hawakuwa na neno katika vita vile, ziliendelea kupasuliwa. Malalamiko yao yalifika katika mkutano wa The Hague mwaka 1907, na dola zikapatana kwamba bomu la kufungwa nanga likikatika kamba lazima nguvu yake ife papo hapo. Mapatano hayo yalikuwa mema, lakini hayakushikwa sikuzote.

Wakati huo Waingereza walianza kuuliza, Ni nani atakayeweza kuyaondoa mabomu haya? Admirali Lord Charles Beresford aliwatazama wavuvi wa Grimsby na bandari nyingine za Bahari ya Kaskazini, ambao kila siku huburura wavu mzito nyuma ya merikebu zao za moshi, akaona kwamba kazi ni ile ile. Basi mwaka 1910 liliundwa kundi la wavuvi wa akiba, watakaoitwa pamoja na merikebu zao vita vikitokea.

Wavuvi wa pwani yetu wanaovuta juya wataelewa upesi namna ya kufagia. Merikebu mbili huenda sambamba, zimeachana kwa nafasi, na kati yao wanaburura kamba ndefu ya chuma. Ili kamba isielee juu, kila merikebu huifunga kwenye ubao mzito, ambao mabaharia huuita tiara. Maana maji huuvuta kwenda chini kama upepo uvutavyo tiara la watoto kwenda juu. Kamba hupita chini ya mabomu na kuzinasa kamba zake. Ikiwa bahati ni njema, kamba ya bomu hukatika na bomu huibuka juu, nao watu hulipiga kwa bunduki mpaka litobolewe na kuzama, au lilipuke. Isipokatika, bomu huburutwa mpaka maji haba. Lakini msomaji atambue hatari iliyomo. Mafagio yapo nyuma ya merikebu, na merikebu yenyewe imetangulia mbele. Bomu lililo juu kidogo kuliko mengine litaigonga merikebu kabla kamba haijafika. Kwa hiyo katika Bahari ya Kaskazini wafagiaji walipenda kufanya kazi maji yakiwa yamejaa, ili wapite juu ya mabomu kwa usalama. Katika bahari ya Dardanelles maji hayajai wala kupwa kwa kadiri ya kuwafaa.

Sasa tuje penyewe. Dardanelles ni mlango mwembamba kati ya Ulaya na Asia, urefu wake maili 38 hivi, na palipo pembamba zaidi, kati ya Çanakkale na Kilitbahir, upana wake haufiki maili moja. Maji ya Bahari Nyeusi hushuka kwa njia hii hata Bahari ya Kati, na mkondo hautulii. Wanaosoma Matendo ya Mitume wanaijua Troa, alikopanda Paulo chombo kwenda Makedonia. Magofu ya mji ule yako pwani ya Asia, kusini kidogo ya mlango huu. Ng'ambo yake kiko kisiwa cha Tenedos, ambako manowari za Waingereza na Wafaransa zilitia nanga mwaka 1915.

Uturuki ilikuwa imeingia katika Vita Kuu mwishoni mwa Oktoba 1914, upande wa Ujerumani. Kwa hiyo njia ya kupelekea Urusi silaha na kutolea ngano yake ilifungwa. Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa manowari wa Uingereza, alitaka manowari zipenye zenyewe, bila jeshi la nchi kavu, mpaka Stambuli. Kazi ilianza tarehe 19 Februari 1915, na mapema mwezi wa Machi ngome za mlangoni zilikuwa zimenyamaza. Ndani zaidi, Waturuki walikuwa wametega safu 10 za kukata njia, mabomu zaidi ya 300.

Hapo ndipo palipokuwa na fundo. Manowari hazikuweza kuzikaribia ngome za ndani na kuzivunja, kwa sababu ya mabomu. Wafagiaji hawakuweza kuyafagia mabomu, kwa sababu ya mizinga midogo iliyofichwa vilimani pande zote mbili, pamoja na taa kubwa za umeme zilizomulika maji usiku kucha. Na mizinga ile haikuweza kupatikana vema mpaka manowari zikaribie. Mlango ulikuwa na kufuli, na ufunguo umeachwa ndani.

Merikebu 21 za wavuvi zililetwa kutoka Uingereza zifungue kufuli hiyo. Wenyewe walikuwa wavuvi hasa, watu wa familia, walioandikwa wafagie njia za merikebu mbele ya bandari za kwao. Vyombo vyao vilikuwa na ubavu mwembamba, visivyo na ngao ya chuma ya kuzuia risasi ya mzinga. Kubwa kuliko hayo lilikuwa neno la mkondo. Merikebu zile zikiburura kamba hazikuweza kwenda zaidi ya maili tano au sita kwa saa, na mkondo ulizirudisha nyuma maili mbili, tatu, hata nne. Kwa hiyo zilipanda kwa mwendo wa mzee atembeaye na fimbo, katika mwanga wa taa kama mchana, mbele ya mizinga iliyokwisha kupimiwa masafa. Usiku baada ya usiku walijaribu, na usiku baada ya usiku walirudi.

Mkuu wa wasaidizi wa admirali, Commodore Roger Keyes, mtu shujaa na mwenye hasira, aliudhika. Aliona kwamba merikebu zimerudi bila kupata hasara kubwa, naye akaona ni aibu. Yeye mwenyewe ameandika katika kumbukumbu zake kwamba aliambiwa wavuvi hawajali kupasuliwa na mabomu, maana hiyo ndiyo kazi yao, ila hawapendi kupigwa mizinga, wala hawakuandikwa kwa hiyo. Wengi wamelisoma neno hilo wakacheka, au wakasema, Tazama waoga. Mimi sioni uoga ndani yake. Mtu asemaye kwamba yu tayari kupasuliwa na baruti chini ya miguu yake hawezi kuitwa mwoga. Alichosema ni kwamba kazi mbili za kufisha zimewekwa juu ya mtu mmoja kwa wakati mmoja, naye amepewa chombo kisichofaa hata kwa moja.

Shauri likageuzwa. Usiku wa tarehe 10 Machi merikebu zilipanda bila kufagia mpaka juu ya safu za mabomu, kisha zikageuka ili zifagie huku zikishuka na mkondo. Lilikuwa shauri la akili, na mabomu machache yalipatikana. Lakini merikebu moja iligonga bomu ikazama. Ndipo wakatiwa humo maafisa na mabaharia wa manowari waliojitolea, ili kuwapa wavuvi moyo. Usiku wa tarehe 13 Machi walipanda tena, wakilindwa na manowari Amethyst. Waturuki waliwaacha waingie mpaka katikati, kisha wakawasha taa zote. Amethyst ilipigwa, na watu wake zaidi ya 20 wakafa. Mashine za kuvutia kamba katika merikebu za wavuvi zilivunjwa kwa risasi, nao wakarudi na kazi kidogo sana. Hapa namwomba msomaji aangalie jambo ambalo wenye kulaumu wamelipita. Usiku ule wavuvi hawakuwa peke yao. Walikuwapo mabaharia wa vita, watu wa kujitolea, wasioweza kushitakiwa kwa uoga, na matokeo hayakuwa mbali na yale ya kwanza.

Wakati huo Waturuki nao walikuwa na merikebu yao ndogo, iitwayo Nusret, iliyoundwa Kiel katika Ujerumani mwaka 1911, kazi yake kutega. Maafisa wao walikuwa wameangalia kwa siku nyingi jinsi manowari za adui zinavyopiga na kurudi, wakaona kwamba zikitaka kugeuka hugeukia upande wa kuume, katika ghuba ya Erenköy, upande wa Asia. Alfajiri ya tarehe 8 Machi Nusret ilishuka kimya na kutega mabomu 26 katika ghuba ile. Nayo haikuyatega kwa kukata njia kama safu nyingine, bali kwa kufuata pwani, mahali ambapo Waingereza walikwisha kufagia wakapahesabu kuwa safi. Wafagiaji wa nyumba wanajua kwamba uwanja uliofagiwa jana si safi leo. Baharini jambo hili lilisahauliwa kwa siku 10.

Admirali Carden aliugua, na Admirali de Robeck akashika mahali pake. Tarehe 18 Machi 1915, siku ya anga safi, manowari kubwa ziliingia kwa mistari, Waingereza mbele na Wafaransa wakifuata: Suffren, Bouvet, Gaulois na Charlemagne. Mpaka saa nane mchana mambo yalikwenda vizuri, na ngome zikaanza kupunguza moto. Ndipo Wafaransa walipoitwa warudi nyuma, wakageukia kuume katika ghuba. Bouvet ililipuka, ikalala ubavu, ikapinduka, ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi, pamoja na watu zaidi ya 600. Wengi waliotazama walidhani kwamba ghala yake ya baruti imepigwa na ngome, basi vita vikaendelea. Merikebu za wavuvi ziliitwa mbele zifagie mchana kweupe. Zikapata mabomu machache, kisha mvua ya risasi ikazirudisha. Karibu na saa kumi Inflexible iligonga, ikajikokota mpaka Tenedos inavuja. Baada yake kidogo Irresistible iligonga. Jioni Ocean, iliyokuja kuisaidia, nayo ikagonga. Zote mbili zilizama.

Basi manowari 3 zilizama na nyingine 3 ziliharibika vibaya. Sehemu kubwa ya hasara ile, pamoja na vyombo vyote vitatu vilivyozama, ilitoka katika mabomu 26 ya Nusret. Zile safu 10 za ndani hazikufikiwa hata na manowari moja.

Baada ya siku ile wavuvi wengi walirudishwa kwao. Keyes alichukua manowari ndogo za mbio, zenye watu wa vita na mashine za nguvu, akazifunga vyombo vya kufagia. Na katika Aprili zilikuwa tayari, zikiweza kupanda mkondo zikiburura kamba kwa mwendo ambao merikebu za uvuvi hazikuuota. Kwangu mimi jambo hilo ndilo linalokata shauri. Kama kosa lingalikuwa moyo wa wavuvi, ingalitosha kubadili watu tu. Yeye alibadili vyombo pia, na hivyo vingaliweza kutafutwa mwezi wa Januari, kabla ya mzinga wa kwanza kulia. Lakini nani alifikiri habari za mafagio wakati manowari zilipokuwa zikihesabiwa?

Vyombo vipya havikupata nafasi ya kujaribiwa kwa kazi ile. Ilikwisha kukatwa kwamba askari washuke nchi kavu, nao wakashuka Gallipoli tarehe 25 Aprili. Waliondoka wa mwisho tarehe 9 Januari 1916, hawakupata kitu. Kwa pande zote mbili waliokufa wapata laki moja au zaidi. Katika manowari zilizopotea huko mlikuwamo Goliath, ile iliyoipiga Dar es Salaam kwa mizinga Novemba 1914; ilizamishwa usiku wa tarehe 13 Mei 1915, si kwa bomu la kutegwa, bali kwa topido za manowari ndogo ya Kituruki.

Mlango ulifunguliwa kwa kalamu. Katika mapatano ya Mudros, tarehe 30 Oktoba 1918, sharti la kwanza lilikuwa kufunguliwa Dardanelles, na la pili lilikuwa Waturuki waonyeshe mahali pa mabomu yote na kusaidia kuyaondoa. Wafagiaji wakatangulia, na tarehe 13 Novemba manowari zikatia nanga mbele ya Stambuli. Mahali pengine kazi ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka 1918 Wamarekani na Waingereza walikuwa wametega mabomu zaidi ya 70,000 kati ya Scotland na Norway, kuzizuia nyambizi za Wajerumani. Vita vilikoma Novemba, lakini wafagiaji walikuwa bado baharini mwaka 1919 wakiyaondoa, na baadhi yao walikufa katika kazi hiyo, wakati nchi zao zilipokuwa zimekwisha kupiga kengele za amani.

Katika vita vya pili Wajerumani walileta bomu lisilogusa kitu. Lililala chini ya bahari likingoja sumaku iliyo katika chuma cha merikebu, na juu ya chombo hicho kamba ya kufagia ilipita bure. Novemba 1939 moja liliangushwa na ndege katika matope ya Shoeburyness, mdomoni mwa mto Thames, likaachwa kavu maji yalipokupwa. Afisa John Ouvry na wenzake walilifungua kwa vyombo visivyovutwa na sumaku, huku Ouvry akitoa habari ya kila hatua kabla ya kuifanya, ili akifa mwingine ajue alipokosea. Hakufa. Kutokana na kazi yao wataalamu waliweza kutengeneza kamba ndefu za umeme, zilizovutwa nyuma ya merikebu za mbao na kuyalipua mabomu hayo kwa mbali.

Tokea hapo vyombo vimegeuka sana. Merikebu za kutafuta mabomu huundwa kwa mbao au kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa, hupeleka sauti chini ya maji na kusikiliza mwangwi wake, na zikishuku kitu hutuma chombo kidogo kisicho na mtu kikakitazame. Hata hivyo Oktoba 1950, mbele ya Wonsan katika Korea, mabomu ya pembe ya namna ya zamani, yaliyotegwa kutoka katika vyombo vidogo vya pwani, yaliizuia manowari nyingi za Marekani karibu wiki moja, na wafagiaji wawili, Pirate na Pledge, walizama tarehe 12 mwezi ule.

Bahari Nyeusi nayo imeingiliwa tena na mabomu tangu mwaka 2022, kwa vita vya Urusi na Ukraine. Machi mwaka ule mengine yalichukuliwa na maji hata karibu na Stambuli. Januari 2024 Uturuki, Rumania na Bulgaria zilitia sahihi kuunda kikosi kimoja cha merikebu za kuyatafuta. Na Nusret, iliyoanza kisa hiki, baadaye ilibebeshwa mizigo ya biashara, ikazama, ikaopolewa. Imewekwa nchi kavu katika bustani ya mji wa Tarso, alikozaliwa Paulo, mbali na mlango ilioufunga.